Herufi Ndogo Kwenye Mabano

Tumu alirudi nyumbani siku ya Jumatano, na Jumatano si siku ya mtoto wa bweni kurudi nyumbani. Asiya, mamaye, alimwona kwa mbali akiteremka njia ya minazi na sanduku la bati kichwani, sare ya shule mwilini, viatu mkononi. Asiya alikuwa amesimama juu ya tanuu la chokaa, akipokea vipande vya matumbawe kutoka kwa mumewe na kuvipanga kimoja kimoja juu ya magogo. Akaacha kupokea. Mumewe, Mbwana, aliyekuwa chini na jiwe mikononi, akageuka kutazama kilichomsimamisha mkewe.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Mbwana. "Shule imefungwa?"

"Haikufungwa."

Tumu akatua sanduku, akatoa bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, zote za Kiingereza, zote za mashine. Hapo nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuwasomea Kiingereza ila Tumu mwenyewe. Basi mshtakiwa akasimama juani akawasomea wazazi wake hati ya mashtaka yake, sentensi kwa sentensi, akiigeuza Kiswahili. Katika mtihani wa majaribio wa kemia, barua ilisema, mwanafunzi huyu ameandika majibu ambayo hayakufundishwa darasani, na ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyeyaandika. Majibu hayo yanafanana na karatasi ya masahihisho iliyoletwa kutoka Mombasa. Bahasha ya masahihisho, iliyowekwa kabatini katika chumba cha maabara, imekutwa gundi yake imefunguliwa. Mwanafunzi huyu ndiye aliyekuwa zamu ya kufagia maabara wiki hiyo.

"Wamekwisha nitaja mstarini," Tumu akasema. "Asubuhi ya jana, baada ya wimbo wa taifa. Mwalimu mkuu aliniita mbele ya shule nzima, akasema huyu ni mwizi wa mtihani."

"Na karatasi ya pili?" Asiya akauliza.

"Ya pili ni ya kukiri. Nikitia sahihi kwamba niliiba, na mzazi akitia dole gumba, watanisamehe. Nitafutiwa alama za kemia, lakini nitakaa mtihani wa Kembriji pamoja na wenzangu. Nisipotia sahihi kabla ya Jumatatu, jina langu litaondolewa."

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Ulikuwa mwaka wa nne tangu bendera mpya ipandishwe, na katika mitaa yote kuanzia pale hadi ng'ambo ya kisiwa cha Funzi, Tumu ndiye msichana wa kwanza kufika kidato cha nne. Watu walikuwa wakimwita daktari kabla hata hajamaliza.

Asiya akashuka kutoka juu ya tanuu polepole, akishikilia magogo. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni. Akamwambia binti yake amfuate nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya wapasua mawe wawili waliokuwa wakiwasaidia kazi.

"Nakuuliza mara moja tu," akasema. "Uliiba?"

Macho ya Tumu yalijaa maji, lakini machozi hayakushuka.

"Hata wewe, mama."

"Mimi ndiye mwenye haki ya kukuuliza kabla ya watu wote. Nijibu."

"Sikuiba."

"Basi." Asiya akamshika bega, akamwachia alama nyeupe juu ya sare. "Sitakuuliza tena, na mtu mwingine akikuuliza mbele yangu atanijibu mimi kwanza. Haya, nenda ukale."

*

Jioni, walipokwisha kula, Mbwana aliiweka ile karatasi ya kukiri juu ya mkeka, katikati yao, akaituliza kwa kikombe isipeperuke.

"Mimi nasema atie sahihi," akasema.

"Akiri asilolifanya?"

"Mama Tumu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Shule ni ya serikali. Wao wameandika, sisi hatujui hata kusoma walichoandika. Tukibishana nao watamfuta jina, na miaka minne itakuwa imekwenda na maji. Akitia sahihi, wiki tatu zitapita, atafanya mtihani, atafaulu, nani atakumbuka?"

"Watakumbuka wao. Karatasi haisahau."

"Karatasi inaliwa na mchwa."

"Na jina je, nalo linaliwa na mchwa?"

Mbwana hakuwa mtu mwoga. Alikuwa mtu aliyekwisha simama mbele ya meza nyingi za ofisi, chini ya serikali ya Mzungu na baada yake, na hakukumbuka meza hata moja iliyompa haki yake kwa sababu alikuwa na haki. Alitaka binti yake apite. Zaidi ya hilo hakuona maana ya neno lolote.

Asiya akamgeukia Tumu. "Hebu nieleze. Umeandika kitu gani hicho hata ikawa balaa? Nieleze nielewe, si kwa Kiingereza chako."

Tumu akachukua kijiti, akachora juu ya vumbi jeupe lililokuwa limetanda kizingitini. Hakukuwa na mahali katika nyumba ile ambapo vumbi la chokaa halikufika.

"Mtu akija hapa akisema, niuzie chokaa, unamuuliza nini?"

"Namuuliza anataka ipi. Hai iliyotoka motoni, iliyozimwa kwa maji, au ya majimaji ya kupaka ukuta. Nisipomuuliza atakwenda kutia maji chokaa hai ndani ya debe, imuunguze uso."

"Kwenye kemia, mama, tunaandika vitu kwa herufi za mkato. Hili ni jiwe la matumbawe. Hiki ni kishale, maana yake linageuka. Hii ni chokaa hai, na hii ni hewa inayotoka. Mwalimu Nzai anafundisha tuishie hapo. Lakini jina peke yake halisemi kitu kiko katika hali gani. Chokaa iliyozimwa ikiwa unga, jina lake ni hili. Ukiikoroga kwenye maji mengi, ukaiacha itulie, yale maji maangavu juu yana chokaa ndani yake ambayo huioni, na jina lake ni hili hili. Sasa mtu atajuaje unasema ipi?"

"Hatajua."

"Ndiyo maana wakaweka herufi ndogo kwenye mabano, pembeni ya kila jina. Hii *s* ni kitu kigumu, kama jiwe au unga. Hii *l* ni kitu cha majimaji. Hii *g* ni hewa au mvuke. Na hizi mbili, *aq*, ni kitu kilichoyeyuka ndani ya maji. Hayo tu ndiyo niliyoandika."

Asiya akainama karibu na kile kizingiti. Herufi za Kizungu hakuzijua, kwani yeye alisomeshwa chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu, lakini alizifuata kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Jiwe likitoka motoni huwa jepesi," akasema. "Miaka yote nalibeba likiwa zito, nalishusha likiwa jepesi, wala halikupungua ukubwa. Uzito ule unakwenda wapi?"

Tumu akagusa ile *g*. "Unakwenda hapa. Unatoka na kuruka, nasi hatuuoni."

Asiya akakaa kitako. Alitazama vumbi lile muda mrefu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Tumu, mwizi hawezi kunieleza hivi. Mwizi hubeba kitu asichokijua."

"Mimi sijasema ameiba," Mbwana akasema kwa sauti ndogo. "Nimesema atie sahihi."

"Na umeyajulia wapi haya?" Asiya akamuuliza binti yake. "Mwalimu kama hakufundisha, nani alikufundisha?"

"Bwana Boga. Kitabu chake."

*

Boga alikuwa mgawa dawa wa hospitali. Asiya alimjua kwa sababu kila mwaka alimpelekea chokaa ya kupaka kuta za wodi. Likizo ya Agosti ndipo Tumu alipompelekea gunia la mwisho, akakiona juu ya meza yake, katikati ya chupa, kitabu kipya cha kemia alicholetewa na nduguye anayesoma Kampala. Akakiazima wiki tatu, akakisoma chote, akakirudisha kimefungwa kwa gazeti ili kisichafuke.

"Naikumbuka hata siku aliyokirudisha," Boga akamwambia Asiya kesho yake, akiegemea dirisha la dawa. "Aliniuliza kwa nini kwenye lebo zangu siandiki dawa ni ya unga au imeyeyushwa. Nikamjibu mgonjwa anaona mwenyewe. Akaniambia, mgonjwa anaona, lakini anayesoma hati hakuiona chupa. Nimekaa kazi hii miaka kumi na mmoja sikupata kufikiri hivyo."

"Utanipa kitabu?"

"Chukua. Na barua nitaandika, nitie na tarehe." Akaandika pale pale, huku wagonjwa wakimsubiri. Alipomaliza akaukausha wino kwa pumzi. "Ila, Bi. Asiya, watu wa ofisi hawapendi kurudi nyuma. Usiende kwa hasira."

"Sendi kwa hasira," Asiya akasema. "Hasira nimeiacha nyumbani imlindie Baba Tumu tanuu."

*

Shule ilikuwa juu ya kilima, upande wa Kwale, na Ijumaa ile mama na binti waliifikia jua likiwa limekwisha panda. Bawabu alimtazama Asiya kuanzia kanga hadi miguu, akamwambia wauzaji wa vitu hupita mlango wa jikoni.

"Siuzi kitu. Mimi ni mzazi."

Bawabu akamtazama Tumu, akamtambua, akafungua lango nusu, kana kwamba wizi huambukiza.

Waliwekwa barazani nje ya ofisi. Kengele ililia mara tatu. Wasichana walipita makundi kwa makundi, na waliokuwa wakimjua Tumu wakapunguza sauti walipomkaribia. Mmoja tu, aliyelala kitanda jirani na chake, alimgusa mkono kwa siri. Tumu hakuinamisha kichwa. Mamaye alikuwa amemwambia njiani: "Ukitazama chini watasema unatafuta pa kuingilia."

Mwalimu mkuu aliitwa Bi. Rispah. Alitoka bara, kandokando ya ziwa, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Bibi wa Kizungu aliyemtangulia alimkabidhi funguo huku akimwambia waziwazi kwamba sasa mitihani itaanza kuvuja. Tangu siku hiyo Bi. Rispah hakulala vizuri. Alikuwa mwanamke wa haki, lakini aliogopa sana kuitwa dhaifu, na hofu ya namna hiyo humfanya mtu mwenye haki apige haraka.

Alipowaita ndani hakuwa peke yake. Mwalimu Nzai, mwalimu wa kemia, alisimama karibu na dirisha na faili kifuani, kijana wa Kirabai aliyevaa tai hata kwenye joto lile. Asiya akatoa salamu, ikajibiwa. Akaketi. Bi. Rispah akatazama alama nyeupe iliyobaki juu ya mkono wa kiti, akasogeza karatasi zake kidogo.

Wakaanza kuzungumza wao kwa wao kwa Kiingereza. Asiya akawaacha kwa muda, kisha akakohoa.

"Waalimu wangu, mimi nimetoka Msambweni kuja kusikia. Mkizungumza lugha nisiyoijua nitakuwa nimekuja bure."

Bi. Rispah akaona haya kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikavu, lakini alikisema. "Mama, tunataka utie dole kwenye karatasi ya kukiri ili tummalizie mtoto mambo yake. Tumemwonea huruma." Akasukuma kibati cha wino mezani.

Asiya akakitazama kibati, akakirudisha kwa kidole kimoja mpaka ukingo wa upande wa pili.

"Mimi sitii dole, mwalimu. Ninajua kuandika jina langu, kwa Kiarabu. Na hapa siliandiki."

"Basi binti atie sahihi."

"Sitatia," Tumu akasema.

"Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, mwalimu. Sitafanya mtihani. Lakini nikitia sahihi nitafanya mtihani nikiwa mwizi, na hata nikifaulu nitakuwa mwizi aliyefaulu. Afadhali nirudi nikapange mawe."

Aliyasema kwa adabu, mikono nyuma. Asiya akatoa barua ya Boga na kile kitabu, akaviweka mezani. Bi. Rispah akasoma barua mara mbili.

"Barua hii imeandikwa jana," akasema. "Kitabu kimeletwa leo. Kosa limefanyika wiki mbili nyuma. Mtu anaweza kuomba barua ya namna hii kwa rafiki."

"Basi wekeni barua kando. Mpimeni. Mko naye hapa, ubao huo hapo. Mpeni maswali ambayo hayakutoka Mombasa wala hayakulala kabatini. Mwizi wa jibu akipewa swali jingine si atakwama?"

"Haiwezekani," Mwalimu Nzai akasema upesi. "Kuna utaratibu wa mitihani. Mzazi hawezi kuja kutupangia."

Lakini Bi. Rispah alikuwa amekwisha fungua kitabu. Yeye mwenyewe alisomesha jiografia. Alichokiona ni kwamba mwisho wa kila sura palikuwa na mazoezi, na mwisho wa kitabu palikuwa na majibu. Akafunga kitabu, akakifungua popote, akamwambia Tumu asimame ubaoni.

La kwanza lilikuwa madini ya zinki ndani ya asidi. Tumu akaandika, chaki ikilia, akaweka herufi zake kwenye mabano. Bi. Rispah akafungua nyuma, akafuata kwa kidole. Sawa. La pili lilikuwa maji ya chumvi yakichanganywa na maji ya chumvi ya fedha. Tumu akaandika kwamba kitu cheupe kinaibuka na kuzama chini, akakipa *s*, vingine vyote akavipa *aq*. Sawa. La tatu Bi. Rispah alilisoma kwa sauti: chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikapitishiwa mvuke wa maji.

Tumu akafikiri. Akahesabu kwa vidole ili pande mbili zilingane. Kisha akaandika, na pembeni ya maji akaweka *g*.

"Hapo amekosa," Mwalimu Nzai akasema, na ilionekana kama mzigo umemtoka. "Maji ni majimaji. Inatakiwa *l*. Unaona, mwalimu mkuu? Amekariri bila kuelewa."

Tumu aligeuka na chaki mkononi. "Mwalimu, samahani. Swali limesema mvuke. Maji yakiwa mvuke si majimaji tena, ni hewa. Jina ni lile lile, hali ndiyo imebadilika."

Bi. Rispah akafungua nyuma ya kitabu. Alikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko kurasa zote.

"Ni *g*," akasema.

Nzai akashika tai yake. "Kitabu hiki amekikariri likizo nzima. Barua yenyewe inasema."

"Mwalimu," Asiya akamuuliza kwa upole, "na kukikariri kitabu nako ni kuiba? Mimi nilidhani ndiko kusoma. Ndiyo kazi niliyomleta kwenu aifanye."

Bi. Rispah akainamisha uso, na Asiya hakujua kama anakasirika au anazuia kicheko. Kisha Asiya akauliza jambo jingine, jambo lililomkaa rohoni tangu Jumatano, wala halikuhitaji kemia.

"Kabati lile lina kufuli?"

"Lina kufuli."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwa mwalimu wa somo," Bi. Rispah akasema.

"Kufuli ilivunjwa?"

"Haikuvunjwa."

"Basi binti yangu aliufikiaje ufunguo? Kama aliuchukua mfukoni mwa mwalimu, mwalimu aseme siku gani."

Swali lile lilikuwa jepesi, la mtu yeyote anayefunga mlango wa nyumba yake, na kwa wiki mbili hakuna aliyeliuliza. Bi. Rispah akageuza kiti chake taratibu mpaka akamwelekea Nzai.

Nzai alitazama nje ya dirisha. Huko nje wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wakimwagilia bustani. Aliweka faili juu ya meza, akalinyoosha likae sawa na ukingo.

"Bahasha niliifungua mimi," akasema.

"Lini?"

"Ilipofika. Ijumaa. Nilitaka kuona kama niliyowafundisha yangetosha. Nikaona zile herufi kila mahali, na kila moja ina alama yake. Mwalimu mkuu, mimi nilifundishwa kwa kitabu cha zamani, hatukuwa na kitu hicho. Sikuzijua. Niliifunga tena kwa gundi, haikushika vizuri, ni huu unyevu wa pwani. Halafu nikasahihisha, nikakuta karatasi moja tu inazo, na wewe ukauliza nani amefungua bahasha." Akamtazama Tumu. "Sikumtaja yeye. Nilinyamaza tu. Nilijiambia pengine kweli naye ameiona, kwani kama mimi mwalimu sikuzijua, yeye atazijuaje?"

Tumu alikuwa bado ameshika chaki. Ilikatika mkononi mwake, kipande kikaanguka sakafuni. Mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha kushika mrija wa kupimia, ndiye aliyemwambia mbele ya wenzake kwamba ana kichwa. Alitaka kumchukia, na hakufanikiwa kwa mara moja, ilimbidi aingoje chuki ije.

"Ungeniuliza, mwalimu," akasema. "Ningekuletea kitabu."

Hilo ndilo lililomvunja Nzai. Aliomba ruhusa, akatoka.

*

Bi. Rispah aliivuta rejista ya shule, akaifungua kwenye jina la Tumu. Palikuwa na mstari wa wino mwekundu ulioandikwa shtaka lake. Akaukata, akaandika neno moja juu yake, akaupuliza.

"Limekwisha," akasema. "Jumatatu arudi darasani. Nasikitika, mama."

Tumu akanyoosha shingo, akasoma. "Mwalimu, umeandika 'amesamehewa'."

"Ndiyo. Lile la mwanzo limefutwa."

"Sikusamehewa. Anayesamehewa ni aliyekosa."

"Ni neno tu, Tumu."

Asiya akasogea mbele ya kiti. "Mwalimu, neno moja ndilo lililomtoa hapa na sanduku kichwani. Andika lililo kweli."

Bi. Rispah alishika kalamu hewani. Walitazamana, wanawake wawili karibu wa umri mmoja. Kisha akakata neno la pili, na chini yake akaandika: Hakukosa. Akatia sahihi na tarehe.

"Bado moja," Asiya akasema.

"Mama, umepata yote."

"Binti yangu aliitwa mwizi mstarini, mbele ya shule nzima. Wewe unalirudisha hapa ndani, tukiwa watu watatu na mlango umefungwa. Lililosemwa hadharani linarudishwa hadharani."

"Unajua unaniomba nini?" Sauti ya Bi. Rispah ilishuka. "Wako watu wanangoja nikosee. Nikisimama mbele ya wasichana mia mbili niseme nilikosea, habari itafika Mombasa kabla ya chakula cha mchana. Watasema, si tuliwaambia."

"Najua. Nami wako watu Msambweni waliongoja binti yangu arudi hivi alivyorudi. Walisema, msichana anapelekwa shule ya nini. Jumatano wamemwona." Asiya akasimama, akajifunga kanga. "Tanuu nikilipanga vibaya naliangusha mbele ya vibarua wangu, nalipanga upya. Wananiheshimu vivyo hivyo. Jumatatu nitakuja kusikiliza."

*

Jumatatu alikuja kweli, na hakuja peke yake. Mbwana alivaa kanzu yake ya Idi na kofia. Hakusema kwa nini amebadili nia. Aliamka tu alfajiri, akasema tanuu litajiangalia lenyewe siku moja. Bawabu aliwafungulia lango lote. Wakasimama nyuma ya mistari, chini ya ukuta, Mbwana akisugua viganja vyake vilivyopasuka.

Matokeo ya mtihani wa Kembriji yangekuja mwakani, na Tumu angefaulu kemia kwa alama ya juu kabisa katika shule ile, na Mwalimu Nzai angekuwa amekwisha omba uhamisho. Hayo asubuhi ile hakuna aliyeyajua. Wimbo wa taifa uliimbwa. Bi. Rispah akapanda kijukwaa, bila karatasi mkononi. Nzai alisimama pamoja na waalimu wengine, hana tai.

Mwalimu mkuu alizungumza kwa Kiingereza, dakika mbili hivi. Mistari ikatikisika, vichwa vikageuka kumtafuta Tumu katikati ya kidato cha nne. Bi. Rispah akakunja mikono, tayari kushuka.

"Mwalimu mkuu," Asiya akaita kutoka nyuma, bila kupaza sana. "Mimi sikusikia."

Mbwana akamshika upindo wa kanga. Akauachia.

Waalimu wakatazamana. Bi. Rispah alibaki pale juu, mguu mmoja umekwisha tafuta ngazi. Asiya hakuondoa macho kwake. Upepo wa asubuhi ulichezea kamba ya bendera, ikagonga mlingoti, ikagonga tena.

Bi. Rispah akarudisha mguu.

"Wiki iliyopita," akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, "nilisimama hapa nikasema Tumu binti Mbwana ni mwizi wa mtihani. Nilikosea. Hakuiba. Alijua kitu ambacho sisi waalimu wake hatukukijua, nasi tukamwadhibu kwa kukijua. Kosa ni langu mimi."

Kidato cha nne ndicho kilichoanza kupiga makofi, kisha mistari yote. Tumu alisimama wima katikati yao, machozi yakimshuka sasa, asiyafute.

"Nimesikia," Asiya akasema. Akamgusa mumewe kiwiko, wakateremka kilima kurudi kazini.